Kiti Kilichosimikwa kwa Mama Mdogo

Juzi nilikwenda Daraja Mbili kwa fundi seremala anayemtengenezea mjukuu wangu meza ya kusomea. Nilimkuta anapiga randa ubao wa mringaringa. Harufu ya mti ule, tamu kidogo na chungu kidogo, ilinipanda puani, na kabla sijaitikia shikamoo yake nikasikia wivu. Nilitegemea huzuni, au kumkumbuka marehemu baba yangu, na hayo yalikuja baadaye. Kilichotangulia kilikuwa wivu, ule ule wa zamani, wa kumwonea mwanamke aliyekwisha kuzikwa siku nyingi, kwa sababu ya kiti kimoja.

"Kaa, bibi," fundi akaniambia, akanisogezea kiti kwa mguu, kama mtu anavyomsogeza kuku aliyelala njiani.

Nilikaa. Nikafikiri jinsi kile kiti kilivyosogea kirahisi, nikacheka peke yangu hadi fundi akaniuliza kama kuna jambo. Nikamwambia hakuna. Jambo lenyewe ni refu, na nimeona nilieleze hapa polepole, kwa ajili yenu wa rika langu mliokulia mlimani wakati wa Mdachi, na kwa ajili ya wajukuu ambao siku hizi hutusomea kwa kuwa macho yetu yamechoka. Ninyi mtanivumilia nikiwafafanulia wao mambo mnayoyajua.

Kwetu kulikuwa upande wa mashariki wa Mlima Meru, katikati ya migomba. Baba alikuwa na wake wawili, na kila mke alikuwa na nyumba yake na migomba yake, zikitenganishwa na kijia kilichooteshwa masale pande zote mbili. Nyumba zilikuwa za msonge, zimeezekwa nyasi na majani makavu ya migomba kutoka kileleni hadi karibu na ardhi, na mlango mfupi uliokulazimisha kuinama. Ndani, upande mmoja walilala watu, upande mwingine ng'ombe, na katikati palikuwa na moto. Kila mke aliwalisha ng'ombe aliopewa na mumewe, akawakamua, na samadi yao akaipeleka migombani. Mama yangu, mke mkubwa, alikuwa na ng'ombe watatu, na walipolala chini wote pamoja nusu ile ya nyumba ilijaa migongo.

Mama mdogo aliitwa Nasieku. Alikuwa ameolewa karibuni kutoka Olmotonyi, kwa Waarusha, upande wa pili wa mlima. Alikuwa mrefu, mwenye shingo ndefu, na Kimeru chake kilikuwa na mwendo wa Kimaasai ambao watu wazima walisema unapendeza. Mimi nilimsikiliza kwa makusudi nione huko kupendeza kuko wapi, nikajiridhisha kwamba hakuko.

Baba hakuwa fundi. Nalisema hili mapema kwa sababu wajukuu wetu hufikiri kwamba ili utengeneze kitu cha mbao lazima kwanza uitwe seremala. Baba alikuwa mkulima wa migomba aliyejua kuchonga mizinga ya nyuki na mipini ya majembe, kama kila mwanamume jirani yetu. Kisha wakati mmoja alichukuliwa pamoja na wenzake kubeba mbao kutoka msituni hadi kwa mzungu mmoja aliyekuwa akijenga njia ya kwenda Boma. Askari aliwasimamia, na hakuna aliyeruhusiwa kuvuka ua. Lakini kupitia ua ule baba alimwona mzungu amekaa bustanini, na aliporudi nyumbani hakuwa mtu yule yule.

"Amekaa juu," alimsimulia mama kabla hata hajanawa miguu. "Magoti yamekunjwa hivi. Mgongo umeegemea mbao. Miguu imekanyaga majani, na mikono haina kazi yoyote. Mama watoto, yule mtu amekaa kama mlima."

"Na hicho ni nini?" mama akamwonyesha kigoda cha miguu mitatu kando ya moto.

"Kigoda ni gogo moja lililopunguzwa," baba akasema. "Kile ni vipande vingi vilivyokubaliana."

Kosa lilianzia pale uani, na nataka mlione vizuri, kwa sababu halikuwa kosa la mjinga. Mzungu yule alikuwa mzito. Mvua zilikuwa zimenyesha, udongo wa bustani umelainika na majani yamerefuka. Miguu ya kiti ilikuwa imedidimia kiasi kwamba mwisho wake hauonekani. Mzungu akajinyoosha, akajitupa nyuma kwa nguvu, na kiti hakikutikisika. Baba akaamua, kama ambavyo yeyote wa kwetu angeamua, kwamba kiti kimechimbiwa. Vitanda vyetu, mnakumbuka, vilikuwa nguzo nne za panda zilizosimikwa ardhini, juu yake fito, juu ya fito ngozi. Dari la kuni na ulezi lilisimama juu ya nguzo zilizosimikwa. Kitu kirefu kinachobeba uzito kilisimikwa. Kigoda kilikuwa kifupi, hakina pa kuangukia. Lakini kitu cha miguu mirefu kikaachwa hivi hivi juu ya udongo, kama mbuzi? Nani angekikalia?

Alipata mringaringa uliokuwa umeanguka wenyewe bondeni. Akaupasua kwa kabari, kidogo kidogo, akifuata nyuzi za mti badala ya kushindana nazo. Vipande alivipandisha kwenye dari letu, juu ya moto wa mama. Hapa nieleze kidogo: mti mbichi ukiutengeneza leo, kesho unajikunja na kupasuka. Inakupasa uukaushe taratibu, na moshi huufukuza mdudu anayekula mbao. Kwa hiyo msimu mzima tuliishi chini ya kiti ambacho bado hakijawa kiti. Kuni zetu zilikosa mahali, zikalala mlangoni, tukawa tunajikwaa. Mama alipunguza moto usije ukazichoma zile mbao, akachochea kuni zenye unyevu ili moshi uwe mwingi, akakohoa. Mimi nilipandishwa darini kila mara kuzigeuza, zikauke pande zote. Nilizijua kwa mikono. Moja ilikuwa na jicho jeusi lililofanana na jicho la ndama.

Zilipokauka, baba alianza kazi chini ya ukingo wa paa letu. Alikuwa na shoka, tezo, na patasi aliyofuliwa na mhunzi kutokana na chuma cha gari la kukokotwa na maksai. Matundu aliyaanza kwa chuma kilichotiwa moto hadi kikawa chekundu, kisha akayanyoosha kwa patasi. Upande mmoja tundu, upande mwingine ulimi wa kuingia katika tundu lile, halafu kijiti kigumu cha kuvifunga visiachane. Ulimi wa kwanza ulipasuka. Wa pili ukawa mwembamba, ukacheza ndani ya tundu kama jino linalotaka kung'oka. Baba aliutazama, akauweka kando, akachukua kipande kingine. Hakutukana wala hakukitupa kile kilichoharibika. Alikitumia kupimia kinachofuata. Nimewaona watu wengi wakiacha kazi nzuri kwenye ulimi wa pili, na huwa natamani wangemwona baba akichukua kipande cha tatu.

"Shika hapa," aliniambia. "Usitikisike. Usipumue."

"Nisipumue mpaka lini?"

"Mpaka nikuambie."

Nilishika hadi masikio yakavuma, naye akacheka na kuniruhusu. Siku zile nilikuwa na baba peke yangu. Nasieku alipita kijiani na mzigo wake wa majani, akatusalimu, na mimi niliitikia kwa sauti ya mtu mwenye kazi.

Mwisho wake alichonga ncha za miguu, kali kama vigingi. Mimi nilikuwa nimekwisha kuchagua mahali, kati ya moto na nguzo, ingawa mkia wa ng'ombe mmoja, Madoa, ulipafikia. Nilipafagia. Mtoni niliwaambia wasichana wenzangu kwamba kwetu kutakuwa na kiti, na atakayetaka kukiona atapaswa kuniomba vizuri.

Asubuhi ya kukisimika baba alikibeba mgongoni, ncha zikitazama juu. Mama alikuwa amesimama mlangoni na ufagio. Baba akatupita. Akaingia kijiani kati ya masale, akainama na kiti chake kwenye mlango wa Nasieku, akajipindapinda mpaka kikaingia, na baada ya kitambo tukasikia mti wa kuchimbia ukitoboa udongo.

"Mama, amepotea," nikasema.

"Hajapotea," mama akasema, akarudi ndani kufagia mahali palipokwisha kufagiwa.

Baba hakueleza. Wanaume wa wakati ule hawakueleza, nasi hatukuuliza. Kwa hiyo nilijieleza mwenyewe. Nilijiambia kwamba ni ile shingo ndefu. Kisha nikakumbuka zile ncha, na jambo lote likanijia wazi kama mchana: alikuwa amezichonga ili kiti kisiweze kuhamishwa, mimi na mama tusije tukakichukua. Tangu siku ya kwanza aliponiambia nisipumue, alikuwa akitengeneza kitu ambacho sisi hatutakipata, na nilikishika mimi mwenyewe.

Kabla ya hapo baba alikula kwetu leo, kesho kwa Nasieku. Sasa wageni walikuja kukiona kiti, na kwa kuwa kiti hakiendi kwa wageni, wageni na baba walikwenda kwa kiti. Mama alipika loshoro, mahindi ya kuchanganywa na maziwa mgando, maziwa yenyewe yametoka kwa ng'ombe wake mwenyewe, ikakaa hadi ikashika ngozi juu. Kutoka upande wa pili wa masale tulisikia vicheko vya wazee.

"Kuleni, wewe na mdogo wako," mama alituambia. "Baba yenu ameshiba mbao."

Jioni moja nilikwenda kuchungulia penye nyasi zilizolegea ukutani kwa Nasieku. Wazee wa ukoo walikuwa wamekaa chini kuzunguka moto. Baba alikuwa juu yao wote katika kiti, mgongo wima, mikono haina kazi. Na alikuwa analia. Machozi yalimtiririka hadi kidevuni, naye hakuyafuta. Nilikimbia hadi nyumbani.

"Mama! Baba analia!"

"Nani?"

"Baba. Kwenye kiti. Machozi mpaka hapa."

"Na wazee?"

"Wazee wako chini. Hawalii."

Mama alicheka kwa pua, kicheko kifupi ambacho sikukielewa. "Basi mwache alie. Mtu asizuiwe kulia katika kiti chake."

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimepata maelezo mapya. Baba alikuwa akitulilia sisi. Alitaka kurudi kwenye moto wetu, lakini heshima ya kiti ilimfunga pale, na yule mwanamke wa Olmotonyi alikuwa akifurahia. Wivu wangu ukapata huruma ya kuuchochea, ukawaka vizuri zaidi.

Halafu akaja baba mdogo, ndugu yake baba, aliyekuwa akifanya kazi ya kufagia Bomani na kuvaa kofia ambayo hakuivua hata kwa kula. Alisikia habari ya kiti akapanda mlima kukitazama. Nilijipenyeza nyuma yake. Alikitazama juu, akakitazama chini, akapiga magoti akachungulia miguu ilipoingia ardhini, akaanza kucheka hadi akakaa.

"Kaka! Umekipanda kama mgomba! Kitazaa lini?"

"Kikizaa, wewe sikupi chipukizi," baba akajibu.

"Sikiliza nikuambie. Viti havisimikwi. Kule Bomani asubuhi navitoa nje, mvua ikija naviingiza ndani. Bwana akitaka jua anakifuata na kiti chake. Kinatembea, kaka!"

"Na akikisukuma mtu?"

"Kinaanguka, ndiyo."

"Njoo ukisukume hiki."

Baba mdogo alikisukuma kwa mkono. Akakisukuma kwa mikono miwili. Akakigeuzia bega, akakaza shingo, na ile kofia ikaanguka majivuni. Wazee walipiga makofi.

"Kiti cha Bomani ni mgeni," baba alisema akipandisha sauti ili wote wasikie. "Hiki ni mwenyeji."

Baba mdogo aliokota kofia, akaipulizia majivu, akaomba aonjeshwe mbege, pombe yetu ya ndizi. Watu wote walifurahi siku ile isipokuwa mimi. Nilikuwa nimesikia kwa masikio yangu kwamba viti hutembea, kwamba kwa watu wengine kiti kingeweza kuwa leo kwa Nasieku na kesho kwetu. Basi ushahidi ukawa kamili.

Mvua za masika zilizima moto wetu, na mama akanituma na kigae kwa Nasieku nikaombe makaa. Nilisimama mlangoni mwake nikidondokwa na maji.

"Ingia," akasema. "Unakitazama hicho kiti kama vile kimekula chakula chako."

"Ni cha Baba."

"Kikalie, basi."

"Sitaki." Nilikuwa nataka hadi magoti yaliniuma.

Alichutama kunichagulia makaa. "Unajua kimesimama wapi?"

"Kwako."

"Wapi kwangu?"

Nikatazama. Nilikuwa nimekitazama kiti mara nyingi na sikuwahi kutazama mahali kilipo. Kilikuwa upande wa ng'ombe. Pale sakafu ilikuwa safi, kavu, haina samadi wala majani yaliyotafunwa. Mfereji wa kupitisha mikojo ulikuwa umechimbwa vizuri, na ndani yake mlikuwa na vumbi.

"Ng'ombe wote baba yako aliokuwa nao, ukiacha wa mama yako, walikwenda kwetu kwa ajili ya kunioa," Nasieku alisema. "Kwa hiyo mimi nilikuja na ng'ombe wakaondoka. Kwetu Olmotonyi mwanamke akiingia kwa mwenzake, hutazama kwanza upande huu. Yeyo, mama yangu, alikuja kunitazama. Akauliza, ng'ombe wako amekufa? Nikamwambia hajafa, hajaja bado, hicho ni kiti. Hakusema kitu tena mpaka akaondoka."

"Jioni nawasikia wa kwenu wakicheua. Nyumba yenu nzima inapumua. Yangu kimya. Wazee wanakuja, wanasema kiti kizuri, kiti kizuri, na mimi najua wakivuka masale wanasema nini." Akaweka makaa katika kigae, akayafunika kwa majivu ili mvua isiyaue. "Na migomba yangu inatoa ndizi kama vidole vya mtoto. Mwambie mama yako. Au usimwambie."

Ningependa kuwaandikia kwamba wivu wangu ulikwisha pale pale kwa kumwona mwenzangu naye anaona wivu. Haukwisha. Nilirudi katika mvua nikiwa na furaha kubwa, kwamba kumbe tuna kitu ambacho yule mwenye shingo anakitamani, na nilimweleza mama yote kwa sauti ya mtu aliyeshinda.

Mama hakuipokea hivyo. "Rudia hapo pa mfereji," akasema. Nikarudia. Akageuka akatazama upande wa ng'ombe wetu, wale watatu wamejazana, Madoa na matako yake makubwa yakigusa nguzo kabisa, juu ya mahali nilipopafagia.

"Angekisimika wapi?" mama aliuliza taratibu. "Mgongoni mwa Madoa?" Kisha akaanza kucheka, safari hii kwa mdomo mzima, na nikatambua kwamba sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu siku ya ufagio.

Asubuhi baba alipopita kijiani mama alikuwa anamsubiri.

"Baba watoto, kuwakatia majani ng'ombe watatu kunanivunja mgongo. Nataka kumwekesha Nasieku huyu Madoa."

Kuwekesha ni desturi ambayo wajukuu hawaijui. Unampa mwenzako ng'ombe amtunze: maziwa yake, samadi yake, ila ng'ombe na ndama wanabaki wako. Si zawadi wala si kuuza. Ni kuonyesha kwamba unamwamini mtu na mali yako, na watu wote hujua.

Baba alikuna shavu. "Atalala wapi?"

"Ng'ombe hulala wapi? Upande wa ng'ombe."

"Upande ule una kiti."

"Aa! Kumbe pana kiti?"

"Mama watoto, unataka mgongo upone, au unataka kiti?"

"Nataka mgongo. Lakini Madoa akitoka hapa patabaki nafasi, na mimi sipendi nafasi ikae bure."

Siku ile ile baba alikichimbua. Miguu ilitoka na udongo, haina urefu mmoja hata miwili, kwa sababu aliizamisha kila mmoja kwa kadiri yake mpaka pa kukalia pakawa sawa. Kililala kijiani kati ya masale, na Madoa akapita kando yake akikinusa. Nasieku alimpokea mlangoni. Alimwambia kitu kwa Kimaasai, kitu kirefu, akaweka paji la uso kwenye ubavu wa yule ng'ombe akabaki hivyo. Halafu alimwamkia mama yangu kwa kuinama sana, na mama akamshika kichwa.

Kwetu baba alichimba mashimo mapya, na mimi nikapewa kazi kubwa kuliko zote, ya kushika kibuyu kilichokatwa, chenye maji, juu ya kiti. Maji yakiegemea upande huu, mguu wa upande ule unazidi kushuka. Tulifanya hivyo hadi maji yakatulia katikati. Njia hiyo ni nzuri hata leo kwa mtu asiye na kipimo cha fundi. Nimeitumia kusawazisha kabati langu mwenyewe.

Jioni ikafika. Mama alipika loshoro, akaiweka chini karibu na moto katika bakuli letu la mti. Baba aliinama akaingia. Akapita kando ya kiti, akachukua kigoda, akakaa kando ya mama.

"Baba, kiti!" nikasema.

"Nakiona."

"Hukikalii?"

"Wageni wakija nitakikalia. Kikalie wewe."

Nilikwea. Mbao zilikuwa laini chini ya mapaja yangu, na lile jicho la ndama lilikuwa pale pale penye mkono wangu wa kuume. Nilikunja magoti kama mzungu. Niliegemea. Nilikaa kama mlima, nikavuta pumzi ya ushindi, na moshi wote wa nyumba ukaniingia.

Sisi tulikaa chini miaka yote na sikuwahi kujiuliza kwa nini. Moshi katika msonge hupanda, na kwa kuwa nyumba haina dirisha hutulia juu, mnene kama ngozi, karibu na kimo cha mtu aliyekaa katika kiti. Macho yaliniwaka, machozi yakatoka hadi kidevuni. Ndipo nikaelewa kile kilio cha baba, nikaelewa na kicheko cha mama, na nikaona aibu, lakini sikushuka.

"Shuka ule," mama akasema.

"Nitakula huku huku."

"Bakuli haliji huko."

Lilikuwa chini, mbali na mkono wangu. Kupitia moshi niliwaona wote watatu wamelizunguka. Mdogo wangu alikuwa amepanda juu ya goti la baba, mkono wake mdogo ukiingia ndani ya bakuli pamoja na mkono mkubwa wa baba, ukitoka pamoja nao, ukidondosha. Baba alikuwa akimweleza habari ya kofia ya baba mdogo, na mama aliongezea alipokosea. Hakuna aliyetazama juu. Kiti kilikuwa chetu, mimi ndiye niliyekikalia, na sikuwa nimewahi kumwonea mtu wivu kama nilivyomwonea yule mtoto mwenye loshoro puani.

Nikangoja aniite mtu mara ya pili. Hakuna aliyeniita. Bakuli likaanza kuonyesha mti wake.

Nikashuka. Baba alimsogeza mdogo wangu kidogo, akaninyooshea goti la pili. Nikalikalia, nikatia mkono. Na nilipokwisha kukaa sawasawa, nikageuka kutazama kama goti alilopewa mdogo wangu lilikuwa karibu zaidi na bakuli.